MPAMBE WA STERINGI: Wewe ni nani kwenye sinema ya mwenzako?

Kama kawaida ya safu hii, mwezi huu tunaongea mambo yetu yaleyale ya uhusiano, ila nataka tupitie njia ya sinema. Na wala si sinema za mapenzi. Nataka tumzungumzie Batman.

Najua kuna akina dada wameshaanza kufunua ukurasa unaofuata. Subirini kwanza, shoga zangu! Na ninyi akina kaka mliochangamka ghafla, tulieni, maana somo la leo linaweza kuwageukia.

Sisi tuliokua na mikanda ya video ya kukodi tunaijua kanuni ya sinema tangu utotoni. Kuna steringi, kuna adui, na kuna rafiki wa steringi. Steringi hafi. Adui anakufa mwishoni. Rafiki wa steringi anakufa katikati, ili steringi apate hasira za kumalizia kazi. Huyu wa tatu mimi namwita mpambe, kwa sababu kazi yake ni kama ya mpambe wa harusini. Anasimama pembeni, anashika maua, anamfuta mwenzake jasho, halafu picha zikitoka anaonekana nusu bega.

Mpambe maarufu kuliko wote duniani ni Robin wa Batman. Watengenezaji wa sinema walipoamua kumleta Batman anayefanana na maisha ya kweli, huyu Robin aliwapa kazi kubwa. Njia waliyoitumia kumtatua, ukiiangalia vizuri, inatuhusu mimi na wewe na yule unayelala naye kitanda kimoja.

MTOTO ALIYEVAA RANGI ZA TAA ZA KUONGOZEA MAGARI

Batman alizaliwa kwenye kitabu cha katuni mwaka 1939, toleo la 27 la Detective Comics. Mwaka uliofuata, 1940, katika toleo la 38, akaletewa Robin. Jina lake halisi ni Dick Grayson, mtoto wa wanasarakasi waliokufa mbele ya macho yake baada ya majambazi kuharibu kamba zao za kubembea. Bruce Wayne, yule tajiri ambaye usiku ndiye Batman, naye aliwahi kuona wazazi wake wakiuawa akiwa mdogo. Basi akamchukua yule mtoto, akamlea, akamfundisha kupigana, akamvisha nguo za kazi.

Sababu ya kumleta Robin ilikuwa ya kawaida kabisa. Bill Finger, mwandishi wa hadithi zile, aliona Batman hana mtu wa kuongea naye. Kila kurasa jamaa anawaza peke yake. Sherlock Holmes alikuwa na Watson, huyu naye akahitaji wake. Na watoto walionunua vile vitabu wakapata mtu wa rika lao wa kujifananisha naye. Mauzo yakapanda vibaya sana.

Kwenye karatasi mambo yale yanakubalika. Kwenye karatasi hata kuruka ghorofa kumi kunakubalika! Lakini hebu yatoe pale uyalete mtaani. Mwanaume mzima, tajiri, anamchukua mtoto yatima wa umri wa kwenda shule na kumpeleka usiku mbele ya watu wenye bunduki. Yeye mwenyewe kavaa nyeusi na kijivu ili asionekane gizani. Mtoto kamvisha fulana nyekundu, joho la njano na kaptula ya kijani, yaani taa kamili za kuongozea magari. Jirani yeyote mwenye akili angepiga simu ustawi wa jamii.

Hata wenyewe wa vitabu walifika mahali wakamchoka. Mwaka 1988, Dick akiwa ameshakua na nafasi yake kachukuliwa na kijana mwingine aitwaye Jason Todd, wachapishaji walitangaza namba mbili za simu. Ukitaka Jason afe, piga hii. Ukitaka aishi, piga hii. Kila simu senti 50 za Marekani. Kura 5,343 zikasema afe, kura 5,271 zikasema aishi. Tofauti ya kura 72 tu, na kijana akazikwa.

Hebu fikiria hapo. Hakuna aliyewahi kuitisha kura kuhusu maisha ya Batman. Mpambe ndiye anayepigiwa kura.

SHIDA HAIKUWA NGUO PEKE YAKE

Kwenye sinema, Robin alirudi mwaka 1995 katika Batman Forever, na tena mwaka 1997 katika Batman & Robin, akiigizwa na Chris O'Donnell. Hapa walijitahidi kumkuza. Si mtoto tena, ni kijana mwenye pikipiki na sikio lililotobolewa. Lakini kumuongezea mtu miaka si kumpa nafasi. Katika sinema ile ya pili Robin analalamika mwanzo mpaka mwisho: huniamini, hunipi nafasi, nataka na mimi taa yangu angani. Adui mmoja, mwanamke mrembo aitwaye Poison Ivy, anakigundua kile kidonda na kukitumia. Anachezea ile taa ya popo inayomulikwa mawinguni, anaigeuza iwe alama ya Robin, na kijana anakimbilia mtegoni.

Watu waliicheka sana sinema ile, na Batman akakaa miaka minane bila kuonekana tena kwenye sinema. Mimi nadhani kichekesho kilikuwa kwenye mavazi na vibonzo vyake, ila lile la taa halikuwa la kuchekwa. Mtu anayehisi haonekani nyumbani kwake atamfuata yeyote atakayemmulikia jina lake. Ni wangapi tunawafahamu walioondoka hivyohivyo? Hakuondoka kwa sababu wa nje ni mzuri kuliko wa ndani. Aliondoka kwa sababu wa nje alimwita kwa jina.

NOLAN ALIPOFUNGA MLANGO

Mwaka 2005 akaja mwongozaji Christopher Nolan na Batman Begins, ikafuatiwa na The Dark Knight mwaka 2008 na The Dark Knight Rises mwaka 2012. Shabaha yake ilikuwa kwamba kila kitu kiwe na maelezo. Lile vazi la Batman linatoka wapi? Ni nguo ya kijeshi iliyokataliwa kwa sababu ilikuwa ghali mno, dola 300,000 kwa kila askari. Ile barakoa yenye masikio je? Bruce na mzee Alfred wanaziagiza vipande 10,000 ili mtengenezaji asishtukie kwamba kuna mtu anataka moja.

Sasa katika dunia ya namna hiyo Robin anaingilia wapi? Christian Bale, aliyeigiza Batman, aliwahi kuwaambia waandishi wa habari kwamba siku Robin akiingizwa yeye atajifunga minyororo mahali na kugoma kwenda kazini. Mlango ukafungwa.

Katika The Dark Knight kuna jambo linaloonyesha ulifungwa kwa nini. Kuna vijana wa mjini wanaojivika mavazi ya popo na kwenda kupambana na majambazi, eti wanamsaidia Batman. Yeye hawataki. Anawafunga kamba na kuwaacha pale. Mmoja wao baadaye anaishia mikononi mwa Joker, na mwisho wake hauelezeki mezani. Hao ndio wapambe katika dunia ya kweli, yaani watu wanaoiga nguo za mtu mwingine bila kuwa na sababu zao, na wanaolipa bei ambayo steringi mwenyewe hailipi.

Lakini jamani, ukizitazama zile sinema tatu kwa makini utagundua kitu. Huyu Batman aliyekataa mpambe ndiye Batman mwenye watu wengi wa kumsaidia kuliko wote waliotangulia! Tuwapitie mmoja mmoja.

FOX, MTU MWENYE MASHARTI

Lucius Fox, aliyeigizwa na Morgan Freeman, anafanya kazi katika kampuni ya Wayne. Wakubwa wamemtupa chini kwenye stoo. Huyo ndiye anayemtafutia Bruce vifaa vyote. Yeye si mtoto, havai kinyago, na ana taaluma yake aliyokuwa nayo kabla Batman hajazaliwa. Mapema kabisa anamwambia Bruce kwa lugha ya kistaarabu kwamba kama hutaki kuniambia unakifanyia nini kifaa hiki ni sawa, ila usinichukulie kama mjinga.

Kubwa zaidi linatokea katika sinema ya pili. Ili kumpata Joker, Bruce anatengeneza mtambo unaogeuza simu za mji mzima kuwa masikio. Fox akiuona anasema hapana, huku ni kuwapeleleza watu wasio na kosa. Anakubali kuutumia mara moja tu, na anatoa taarifa palepale kwamba mtambo ule ukiendelea kuwepo kwenye kampuni, yeye anaacha kazi. Bruce hagombi. Anamwambia ukimaliza andika jina lako. Kazi ikiisha Fox anaandika jina lake, na mtambo mzima unajiharibu.

Unaona uzuri wake? Bruce alijua mapema kwamba mwenzake atakataa, na akaujenga mtambo ule akimpa yeye ufunguo wa kuuzima. Hiyo ndiyo heshima. Kumsikiliza mtu baada ya ugomvi ni rahisi. Kumwekea nafasi ya kusema hapana kabla hajaiomba ndiyo kazi.

GORDON ANAPOSHIKA USUKANI

Huyu ni polisi mwenye mke na watoto na mshahara wa serikali. Batman hakumtoa popote wala hakumfundisha kitu. Mwishoni mwa Batman Begins, wakati steringi anapigana ndani ya treni ya juu, nani anaendesha lile gari lake kubwa lenye umbo la kifaru? Gordon. Nani analipua nguzo za reli ili treni isifike katikati ya mji? Gordon. Kwa dakika zile chache steringi ni yeye, na Batman ndiye anayenunua muda.

Ndoa nyingi hazijui jambo hili. Usteringi ni zamu. Mwaka huu mwenzako anasoma shahada ya pili, wewe ndiye unayebeba ada na watoto. Mwaka kesho wewe unapandishwa cheo na kuhamishiwa mkoa mwingine, yeye ndiye anayefungasha. Matatizo yanaanza pale mmoja anaposhika usukani mara moja na kudhani gari limeandikwa jina lake milele.

MZEE ALFRED NA BARUA ILE

Sasa tufike kwa mtu ninayempenda kuliko wote. Alfred, aliyeigizwa na Michael Caine, ndiye aliyemlea Bruce baada ya wazazi kufa. Anapika, anashona majeraha, anapokea simu na kuwadanganya wageni. Nyumba inapoungua yeye ndiye anayemtoa Bruce chini ya boriti. Bruce anamuuliza kama bado hajakata tamaa naye, na mzee anajibu kwamba kamwe.

Ukiishia hapo utasema huyu ndiye mwenza bora, mvumilivu, hachoki. Lakini Nolan hakuishia hapo.

Bruce alikuwa anampenda Rachel, rafiki yake wa utotoni. Aliamini kwamba siku akivua lile vazi Rachel atakuwa wake. Rachel akaandika barua ya kumwambia ukweli: amemchagua mwanaume mwingine, Harvey Dent. Barua akampa Alfred aifikishe. Kabla haijafika, Rachel akauawa. Alfred akamtazama Bruce alivyovunjika, na akaichoma moto ile barua. Alifanya hivyo kwa upendo, nani angethubutu kumlaumu?

Sinema ya tatu inaanza miaka minane baadaye. Bruce kajifungia ndani, anatembea na mkongojo, ndevu hazijanyolewa. Miaka minane anamuomboleza mwanamke ambaye hakuwa wake! Alfred anapoona sasa anataka kuvaa tena vazi na kwenda kutafuta kifo, anamwambia habari ya ile barua. Anamwambia pia kwamba yeye hataki kuzika mtu mwingine wa familia ya Wayne. Bruce anakasirika sana, na mzee anaondoka kwenye ile nyumba.

Watazamaji wengi wanamlilia Alfred pale, na mimi ni mmojawao. Lakini pale kuna mambo mawili. La kwanza, kuondoka kwake ndiyo kauli yake kubwa kuliko zote katika sinema tatu. Mpambe wa kwenye katuni haondoki, kwa sababu hana pa kwenda. Alfred anaondoka kwa sababu anampenda mtu na hataki tena kumsaidia kujiua. La pili ni gumu zaidi. Ule moto wa barua ulikuwa na bei, na bei ililipwa na Bruce bila kuulizwa. Ukimficha mwenzako ukweli ili asiumie, unamchagulia maisha.

Na sisi tunazo barua zetu tulizochoma. Kuna anayejua kampuni ya mumewe inakufa kwa sababu mahesabu anayaona, lakini anamwambia itakaa sawa, mpenzi. Kuna anayejua mkewe hana kipaji cha ile biashara ya mapambo, lakini kila mwezi anaongeza mtaji kimyakimya ili asimvunje moyo. Tunaita upendo. Baada ya miaka minane tutaita nini?

NA ROBIN ALIINGIA, ILA KWA MLANGO MWINGINE

Katika sinema hiyohiyo ya 2012 kuna polisi kijana aitwaye John Blake, aliyeigizwa na Joseph Gordon-Levitt. Ni yatima, amekulia kituo cha watoto. Bruce Wayne aliwahi kutembelea kile kituo na Blake, akiwa bado mtoto, alipomtazama usoni akaitambua ile tabasamu ya kujilazimisha. Yeye mwenyewe alishajifunza kuivaa mbele ya kioo ili kuficha hasira za yatima. Ndipo akajua Batman ni nani. Hakuambiwa na mtu wala hakuona pango. Alimtambua mwenzake kwa maumivu.

Wapenzi wa katuni wataona walivyochanganya. Uyatima ni wa Dick Grayson, ambaye kwenye vitabu baadaye naye anakuwa polisi. Kugundua siri kwa akili yake mwenyewe ni kwa Tim Drake, Robin wa tatu, aliyeletwa mwaka 1989. Tim huyu alijitokeza na hoja moja nzito: tangu Jason afe, Batman amekuwa mkatili na mzembe, anapigana kama mtu asiyejali kurudi nyumbani, kwa hiyo anahitaji mtu pembeni yake. Yaani waandishi wa katuni wenyewe walishagundua kwamba kazi ya Robin haikuwa kubeba kamba. Kazi yake ilikuwa kumkumbusha steringi kwamba kuna kesho.

Blake havai kaptula. Havai hata barakoa. Anafanya kazi yake ya polisi, anabishana na wakubwa wake, anawapeleka watoto wa kituo kwenye daraja kutafuta njia ya kuwatoa mjini. Mwishoni, akiwa amevunjwa moyo na sheria, anaitupa beji yake. Wayne, ambaye wote wanadhani amekufa, amemuachia kwenye wasia begi lenye maelekezo ya kufika kwenye pango. Dada wa mapokezi anapoangalia kitambulisho anamwambia angependa atumie jina lake kamili, kwa sababu ni zuri. Jina lenyewe ni Robin.

Sinema nzima amekuwa Robin na hatukujua! Tulimjua kwanza kama mtu. Mimi nadhani hilo ndilo jibu zuri kuliko yote ya namna ya kumleta mpambe katika dunia ya kweli. Kwanza mpe kazi yake, uchungu wake na msimamo wake. Jina la upambe lije mwisho kabisa, kama bado lina kazi.

Wenzao wa Marvel walifuata njia inayofanana. Bucky wa Captain America alikuwa kijana mdogo kwenye katuni za 1941, lakini kwenye sinema ya 2011 wakamgeuza rafiki wa utotoni, mtu mzima, tena yeye ndiye aliyekuwa akimkinga Steve Rogers alipokuwa mwembamba anayepigwa vichochoroni. Sam Wilson, alipoingia mwaka 2014, alikuwa mwanajeshi mstaafu anayewasaidia wenzake waliorudi vitani na majeraha ya moyo. Mwaka 2019 akakabidhiwa ngao. Hakuivaa siku ileile. Katika tamthilia ya 2021 tunamuona kwanza akiipeleka makumbusho, akihangaika na swali kama ni yake kweli, na mwaka 2025 akasimama kwenye sinema akiwa ndiye Captain America. Miaka kumi na moja, kutoka pembeni mpaka katikati!

TURUDI NYUMBANI KWETU

Kuna dada mmoja tunayefahamiana, mhasibu. Mumewe alifungua biashara ya kuchapa mabango na fulana. Mwanzoni dada alikuwa anatoka kazini jioni na kukaa na vitabu vya mahesabu mpaka saa sita za usiku. Biashara ilipokua, wakakubaliana aache kazi ili waijenge pamoja. Hakupewa cheo wala mshahara, na benki hakuwekwa kuwa mtia saini. Kwani wao si kitu kimoja?

Siku ya hafla ya kutimiza miaka mitano mume akashika kipaza sauti. Akamshukuru Mungu, wazazi, wateja na mafundi. Mwisho akasema, “Na mke wangu, kwa uvumilivu wake.”

Uvumilivu! Mtu aliyefunga mahesabu ya miaka mitano anashukuriwa kwa kuvumilia, kama vile alikuwa amekaa dirishani anasubiri mume arudi. Walipofika nyumbani dada akaomba mshahara. Jibu likawa, “Kwani hizo pesa si zetu wote?” Naye akauliza swali ambalo mpaka leo nalikumbuka: “Kama ni zetu wote, mbona mimi ndiye ninayeomba?”

Mume si mtu mbaya, nakuhakikishia. Hampigi, hana kimada, watoto wanampenda. Ila kichwani mwake yeye ndiye steringi, na hajawahi kujiuliza mwenzake amevaa nini. Dada amerudi kwenye ajira, na mume ameajiri mhasibu anayemlipa kila mwezi. Wanaishi pamoja bado. Lakini mpaka naandika haya jina la mke halijaingia kwenye karatasi za kampuni, na mazungumzo ya mezani yamekuwa mafupi.

Kwa hiyo, wapendwa, wikiendi hii zimeni televisheni kidogo muulizane maswali manne.

1. Kazi yangu kwako ina jina? Kama mwenzako ndiye anayekuandikia mapendekezo ya zabuni, anayekuamkia saa kumi usiku ukaikute ofisi, anayelea mtoto ili wewe usafiri, basi itajeni kazi hiyo kwa jina lake. Na msemee mbele za watu, si chumbani tu.

2. Naweza kusema hapana na bado nikawa wako? Fox alisema hapana na akabaki na heshima yake. Kama kila hapana nyumbani kwenu inaleta siku tatu za kununiana, basi hapo hamna wawili. Yupo mmoja na kivuli chake.

3. Kuna barua uliyoichoma? Iseme sasa, kwa upole, hata kama itauma. Ukweli wa leo unauma wiki moja. Ule wa miaka minane unahamisha mtu nyumba.

4. Ukiondoka leo, mimi nabaki na nini? Najua hapa watu wanakunja uso, eti unamtabiria mwenzako kifo. Hata Bruce Wayne aliandika wasia! Nani anajua namba za akaunti? Kiwanja kimeandikwa jina la nani? Blake alipata pango kwa sababu kuna mtu alikaa chini akaandika. Wajane wangapi wamejikuta wanawauliza shemeji zao ruhusa ya kuingia kwenye duka walilolijenga kwa mikono yao?

Na wewe ambaye unasoma hapa ukijijua kwamba ndiye mpambe, usiwe na haraka ya kujionea huruma. Kumsaidia mtu unayempenda si udhalili. Alfred hakuwa mtu mdogo, na katika zile sinema hakuna mwenye busara kama yake. Swali ni kama una maisha yako nje ya lile pango. Una taaluma yako, marafiki zako, akiba yako hata kama ni ndogo? Au ukivuliwa hiyo fulana nyekundu unabaki huna nguo nyingine?

Na wewe steringi, leo usiku kabla hujalala, mtazame aliyeko pembeni yako. Hapo hakuna kura inayopigwa kwa simu. Ni wewe peke yako unayeamua kama huyo ataonekana nusu bega, au mtasimama wote wawili mbele ya kamera.

Kwa leo niishie hapo. Kama mtagombana kwa sababu ya ukurasa huu, gombaneni vizuri, halafu mpike pamoja. Tukutane mwezi ujao!